Ree ya Gaspar Inarudi Mezani

Kilima cha pili kilipoanza, Fredrick, mwenye pikipiki, aligeuza uso nusu na kunipigia kelele nishike vizuri. Lami tulikuwa tumeiacha nyuma. Mbele yetu kulikuwa na njia nyekundu iliyochimbwa na mvua, migomba, na mageti makubwa ya chuma yaliyosimama mbele ya viwanja ambavyo bado ni msingi mtupu. Madale nilikuwa sijawahi kufika. Nilijua tu kwamba iko juu ya Tegeta, ukiipa bahari mgongo, na kwamba huko anaishi mchongaji anayeitwa Stephano, niliyekuwa namfuata kumuuliza habari za kazi yake.

"Pikipiki hii itatuua," nikamwambia.

"Haituui, braza. Saa kumi nina fainali."

"Ya mpira?"

"Ya karata. Na huyo Stephano wako ndiye mwenzangu."

Nikamwambia sijawahi kuona mtu akikimbilia karata kwa mwendo ule. Akacheka mpaka usukani ukayumba.

"Sasa unadhani fundi kanichaguaje? Kuna watu wanaocheza vizuri kuliko mie, wengi tu. Mie kanichukua kwa sababu sichelewi."

Tulifika saa tisa na robo. Kulikuwa na banda la bati lisilo na kuta, jamvi katikati, mabenchi pembeni, na jiko la kahawa la mwanamke mnene aliyeitwa Mwamvita, ambaye ndiye mwenye banda na ndiye mwamuzi. Mbuzi mweusi alikuwa amefungwa kwenye nguzo, zawadi ya mshindi. Juu yake ulining'inia ubao wenye majina ya mabingwa wa kila mwaka, yameandikwa kwa rangi nyeupe. Ukishuka kidogo kuna msikiti, na vipaza sauti vyake vinatazama banda hilo uso kwa uso.

Karakana ya Stephano imeegemea banda. Yeye ni mfupi, amevuka hamsini, ana mikono mipana isiyolingana na mwili wake. Alizaliwa upande wa Newala, akaja mjini na tindo mbili ndani ya mfuko wa rambo, akachonga miaka kumi na tisa sokoni kwa wachongaji kabla ya kupata kiwanja chake hapa kilimani. Nilimkuta amekaa kwenye gogo, hachongi chochote, mbele yake beseni la plastiki lililojaa maji.

"Karibu sana," alisema. "Uchongaji tutaongea kesho. Leo nina mtu."

Alisema hivyo kama fundi mwingine anavyosema leo nina kazi.

Nilimwomba anieleze huyo mtu ni nani. Akatazama jua, akaona tuna muda, akaanza.

Mchezo wao ni wahedi wa sitini. Wanacheza wanne, wawili kwa wawili, na upande unaofikisha pointi sitini na moja ndio unaochukua mchezo. Nimeukuta Maputo kwa jina jingine na hesabu hizohizo: ree, karata kubwa kuliko zote, ina pointi kumi na moja, na saba, wanayoiita seti, ina kumi. Karata isiyo na kitu ni garasa. Kila mchezo una aina moja ya karata inayotawala nyingine zote, nayo ndiyo turufu. Fainali inachukuliwa na atakayetangulia kushinda michezo mitatu. Lakini nusu ya wachezaji wa Madale ni watu wa msikiti wa pale chini, kwa hiyo tangu zamani wana utaratibu wao: ikisikika adhana ya magharibi, karata zinawekwa chini, na aliye mbele wakati huo ndiye bingwa. Hakuna aliyewahi kuugombania. Ulikuwa utaratibu wa heshima, mpaka alipotokea mtu aliyegundua kwamba adhana inaweza kumchezea.

Mtu huyo ni Mzee Kondo. Alikuwa mtunza stoo bandarini, akastaafu, akajenga. Miaka miwili iliyopita alifika fainali na mwenzake Jabiri, dhidi ya Stephano na Gaspar. Gaspar alikuwa mwalimu mstaafu, Mhaya, jirani wa Stephano na rafiki yake wa kila jioni. Kondo aliongoza michezo miwili kwa mmoja. Mchezo wa nne ulikuwa unamtoka mkononi, kila mtu aliuona, na muda wa mchezo wa tano ulikuwepo. Ndipo Kondo aliposhika karata moja na kutoitupa.

"Alifanya nini?" nikauliza.

"Alivua miwani akaifuta. Akaivaa. Akauliza turufu ni nini, na turufu iko mbele ya magoti yake. Akakohoa. Akaomba maji. Akaanza upya kuhesabu karata zilizokwisha kuliwa. Mwalimu anasubiri zamu. Mkononi ana ree ya kopa, na kopa ndiyo turufu. Akiitupa tu, mchezo wetu. Dakika kumi na nane, kaka. Mwamvita alitazama saa yake. Dakika kumi na nane kwa karata moja, mpaka adhana."

Gaspar aliinuka, akaenda nyumbani. Baada ya miezi minane presha ikamwondoa. Msibani, chini ya turubai, watu wakila, Kondo alisema kwa sauti ya kusikika: "Mwalimu kaondoka na ree yake mkononi." Watu wawili watatu wakacheka, kisha wakaacha.

"Mie nilikuwa nimeshika sahani ya pilau," Stephano alisema. "Nikaiweka chini. Tangu siku ile nyumbani kwangu hatupiki pilau."

Hakuwa anatania. Alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kitambulisho chake, na nyuma ya kitambulisho, ndani ya nailoni, ilikuwepo karata. Ree ya kopa, mgongo wa buluu, kona moja imekunjika. Gaspar aliondoka nayo siku ile bila kujua, au kwa kujua. Mkewe, Kokushubila, aliikuta mfukoni alipokuwa anagawa nguo za marehemu. Akamletea Stephano na kumwambia: "Hii ni ya mezani kwenu. Irudisheni."

"Ndiyo kazi ya leo," Stephano alisema. "Kuirudisha."

Nikamuuliza beseni ni la nini. Hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza, na halikuwa tabasamu la kumkaribisha mgeni.

Baada ya msiba alikwenda kwa wenzake akadai kila zamu iwe na muda wake. Walikubali. Walijaribu simu. Mara simu ikapigiwa katikati ya zamu, mara ikaisha chaji, mara Kondo akasema simu ni ya shemeji yake Stephano na inakimbia. Kila saa yenye mwenyewe ina upande. Stephano akakumbuka alichosimuliwa na babu yake, kwamba zamani watu waligawana zamu za maji ya mfereji kwa kifuu kilichotobolewa: unakielesha, kinajaa taratibu, kikizama zamu yako imekwisha. Akachonga kikombe kidogo cha mti wa mkorosho, akakitoboa chini kwa msumari, akakileta bandani mbele ya watu wote.

Kikombe kilijaa maji mpaka mdomoni, na kikaendelea kuelea.

"Mkorosho mwepesi," alisema. "Mie! Mchongaji! Nilibania mpingo kwa sababu ni ghali, nikasahau kitu ninachokijua tangu utotoni. Kondo alilala pale kwenye benchi, akajifunika kofia. Akasema, fundi, kikizama mniamshe. Walicheka wiki nzima. Watoto wa mtaa mzima wakaniita Kikombe."

Alichukua kipande cha mti mweusi, kidogo kama punje ya hindi, akakidondosha kwenye beseni. Kilishuka moja kwa moja mpaka chini.

"Sokoni kuna watu wanapaka kiwi ya viatu mti mweupe wanawauzia wageni kama mpingo. Sie tunajua dawa yake. Tia majini. Mpingo hauelei. Ukiuchonga kikombe utaelea kwa sababu ya nafasi ya ndani, kama meli. Nafasi ikijaa maji, basi, hauna msamaha."

Kikombe cha pili alikichonga kwa mpingo. Kilikuwa cheusi, chembamba, chenye tundu la sindano. Alikitoboa na kukijaribu kwa miezi mitatu mpaka kikawa kinazama kwa hesabu ya sitini isiyo na haraka. Kisha hakukileta kwenye mashindano. Alikileta kwenye michezo ya kawaida ya jioni, wiki baada ya wiki, mpaka watu wakakizoea na wakaanza kukitaka wenyewe. Adhabu yake waliipitisha kwa kura: kikombe kikigusa chini kabla karata yako haijagusa jamvi, mpinzani aliye karibu nawe anachomoa karata mkononi mwako bila kuangalia, na hiyo ndiyo umecheza. Kondo naye alinyoosha mkono. Angekataa, angeonekana anaogopa kikombe.

"Lakini anaweza kutumia zamu yote kila mara," nikasema. "Sitini zake ni zake."

"Azitumie! Ndicho ninachoomba." Stephano aliinama karibu. "Kondo ni mchezaji mzuri, nikuambie ukweli. Anakumbuka kila karata iliyopita. Lakini ameshazoea kusubiri saa imchezee. Atakitazama kikombe. Hawezi kutokitazama. Na mtu hawezi kuhesabu vitu viwili."

Saa kumi kamili Mwamvita aligonga sufuria kwa kijiko. Mzee Kondo alikuwa ameshafika: mrefu, nadhifu, kofia ya vito, miwani ya kamba shingoni. Kila aliyepita alimpa shikamoo, hata Fredrick. Stephano alikaa kwenye jamvi na kusema tu, "Habari, mzee." Benchi zima lilisikia kilichopungua. Kondo alikunja midomo.

"Leo tunacheza karata au tunafua?" alisema, akitazama beseni.

"Tunafua," alisema Mwamvita. "Gawa, Jabiri."

Walikaa wanavyokaa wote, kila mtu akimtazama mwenzake. Fredrick alikuwa ubavuni mwa Kondo, Stephano ubavu wa pili. Nilipewa nafasi kwenye benchi na kikombe cha kahawa.

Mchezo wa kwanza Kondo aliushinda, na aliushinda kwa haki. Alicheza bila kusita, karata inaanguka kabla kikombe hakijashuka robo, na mwisho wake aliwakamata na seti ambayo hakuna aliyejua anayo. Pointi sabini na mbili. Nilielewa alichoniambia Stephano. Mzee yule hakuwa na haja ya kuiba muda.

"Kikombe kimoja cha kahawa kwa fundi," Kondo alisema. "Kile kingine ameshakitumia."

Watu walicheka. Stephano alichanganya karata.

Na sasa kwa kuwa yuko mbele, Kondo akaanza kupunguza mwendo. Mkono haukuwa umeamua. Ulikuwa umezoea. Mchezo wa pili, zamu ya tatu, alivua miwani.

"Mzee Kondo," mtu mmoja alisema kutoka benchi la nyuma, "hiyo karata unaichumbia?"

"Toa posa basi, tuje na ngoma!"

"Turufu ni nini?" Kondo aliuliza.

"Uru, mzee," alisema Fredrick. "Iko mbele yako. Inakuamkia."

Kikombe kilikuwa kimebaki ukingo tu. Kondo alikitupia jicho, akatupa karata, na maji yakafunika mpingo nyuma yake. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Zamu iliyofuata akafanya vilevile. Alikuwa ameshajifunza kipimo: unangoja, unangoja, unatupa wakati kikombe kinameza funda la mwisho. Benchi lilinung'unika, lakini sheria ilikuwa upande wake. Fredrick alikuwa anacheza kabla Mwamvita hajainua kikombe kutoka majini. Stephano pia. Kwa hiyo pale bandani kulikuwa na mtu mmoja tu anayetazama maji.

Nikaanza kumtazama yeye badala ya karata. Macho yalikwenda kwenye beseni, yakarudi mkononi, yakaenda tena kwenye beseni. Mara ya tano hayakurudi mkononi kabisa. Katika mchezo huo alitupa mzungu wa nne, karata ya mfalme, mbele ya ree ya uru, turufu kabisa, akidhani ilikwisha kupita. Ilikuwa haijapita. Ilikuwa kwa Stephano, ambaye aliitandika jamvini kwa sauti.

"Mzee, hiyo bado ilikuwa hai," Jabiri alimnong'oneza mwenzake.

"Najua!"

Hakujua. Mchezo ule ukaenda kwa Stephano, ikawa mmoja kwa mmoja.

Mchezo wa tatu, turufu ikawa shupaza. Kondo alikuwa na mkono mzuri, uliweza kuuona kwenye mabega yake. Akaamua kuulinda kwa njia anayoijua. Alikohoa. Aliomba maji, Mwamvita akamwambia maji yote yako kwenye beseni. Alifuta miwani. Fredrick alikuwa ameanza na garasa, zamu ni ya Kondo, na kikombe kinashuka.

"Sitini hazijafika," Kondo alisema bila kuangalia mtu.

"Hakuna anayehesabu," Stephano alisema. "Ni wewe na mti."

Kondo alinyanyua karata. Akairudisha. Akagusa nyingine. Nadhani alitaka kungoja funda lile la mwisho kama alivyozoea, lakini mkono ulikuwa bado haujachagua, na kichwa chake kilikuwa kimo ndani ya beseni. Ukasikika mgongano mdogo, plastiki na mpingo.

"Kimegusa," alisema Mwamvita. "Fredrick, chomoa."

"Nilikuwa natupa!"

"Ulikuwa unatupa tangu mwaka juzi, mzee. Chomoa, Fredrick."

Fredrick alifumba macho kwa madaha, akapitisha kidole juu ya karata za Kondo kama mtu anayechagua nyanya, akachomoa moja na kuitandaza. Seti ya shupaza. Turufu, pointi kumi, karata ambayo Kondo alikuwa anaitunza kwa ajili ya mwisho. Stephano hakumpa hata pumzi ya kuijutia. Ree ya shupaza ilikuwa tayari inashuka. Pointi ishirini na moja kwa mpigo mmoja, na mchezo ukaenda nazo. Benchi zima lilisimama, mbuzi akalia, mtu akaanza kupiga filimbi.

Mchezo wa nne sitausimulia sana. Haukuwa mchezo. Kondo alicheza haraka kama mtu anayefukuzwa, akitupa chochote kilichotangulia, na hata hivyo kila baada ya karata alitazama beseni. Jabiri aliacha kumtazama mwenzake. Stephano alikusanya pointi polepole, uso mkavu, na nilimwona akiangalia mikono ya mzee inavyopapasa karata, akiifurahia wazi, bila aibu. Themanini na nane. Michezo mitatu kwa mmoja.

Mwamvita alitazama saa yake. "Saa kumi na moja na dakika tano," alitangaza.

Adhana ilikuwa bado saa nzima na zaidi. Jua lilikuwa linawaka juu ya bati.

Watu walimvamia Fredrick na mbuzi. Kondo aliweka mikono magotini ajisukume ainuke.

"Kaa, mzee," alisema Stephano.

Hakupaza sauti, lakini kelele zilikatika. Alitoa kitambulisho, akatoa nailoni, akaiweka ree ya kopa juu ya jamvi, mbele ya magoti ya Kondo. Mgongo wake wa buluu ulikuwa umefifia kando ya karata za mgongo mwekundu walizotoka kucheza. Kondo aliitambua. Zilikuwa karata zake, pakiti aliyoinunua mwenyewe, iliyobaki pungufu mpaka akaitupa.

"Siku ile zamu ilikuwa yako," Stephano alisema. "Mwalimu alikuwa anafuata, na hii ndiyo aliyokuwa anakungojea nayo. Hakuondoka nayo mkononi. Hii hapa, ameicheza. Na wewe cheza yako."

"Stephano, mambo ya msibani yalikuwa utani."

"Sijakuuliza ya msibani. Cheza."

"Karata zile sinazo tena. Utanilazimisha nicheze hewa?"

"Basi fikiri." Stephano alichukua kikombe, akakimwaga, akakielesha upya kwenye beseni na kulisogeza beseni mpaka likagusa goti la mzee. "Ulipenda sana muda. Mwalimu ulimnyang'anya dakika kumi na nane. Mie nakupa saa nzima na riba yake, mpaka adhana. Hakuna anayekuharakisha. Beseni baki nalo, kikombe baki nacho."

Akainuka. Fredrick aliuliza mbuzi vipi. Stephano akamwambia achinje, ale na watu, nyama asipelekewe yeye. Fredrick akataka kumbeba kwa pikipiki, fundi akakataa pia.

"Nakwenda kwa mama Kokushubila," aliniambia alipopita mbele yangu. "Nimwambie imerudi. Wewe kesho njoo, tuongee uchongaji."

Alishuka kwa mguu, akapita msikiti, akaanza kupanda kilima cha upande wa pili ambako nyumba ya mwalimu ilionekana kwa paa lake la kijani. Hakugeuka.

Mimi nilibaki, kwa sababu Fredrick alikuwa anahangaika na mbuzi na sikuwa na mtu mwingine wa kunishusha. Watu walihamia nje. Jabiri aliondoka bila kuaga. Chini ya bati tulibaki Mwamvita na jiko lake, mimi, na Mzee Kondo, ambaye angeweza kuinuka wakati wowote na hakuinuka. Kikombe kilizama. Alitia mkono majini, akakitoa, akakielesha tena. Kikazama. Akakielesha tena.

Mara ya nne au ya tano alisema kitu. Nilidhani ananiomba kahawa.

"Naam, mzee?"

"Uru ya nne," alisema, akiitazama ree ya kopa. "Niliyokuwa nimeishika siku ile. Uru ya nne. Garasa." Alivua miwani, safari hii hakuifuta. "Sikuwa na kitu cha kufikiria."

Mwamvita aliacha kuchochea mkaa. Tulitazama wote upande wa kilima cha pili, lakini Stephano alikuwa ameshafika mbali mno asingeweza kusikia. Nukta ya shati lake ilikuwa inaingia kwenye ua wa mwalimu. Kikombe kikagusa chini ya beseni.